Siku yangu na buibui (sio wale wa kuvaa)

Nikisema nafanya kazi na buibui, wamama wa mtaani kwetu wananiuliza bei, wanadhani nauza nguo. Jamani mimi ni mhudumu wa maabara, chuo fulani hapa Dar. Nalisha wale buibui wakubwa wenye manyoya ya rangi ya chungwa, ni wa hukuhuku kwetu Afrika Mashariki, wazungu wanawafuga majumbani kama paka.

Saa 11 alfajiri nimeamka, saa 12 nimesimama kwenye daladala, saa 2 nimefungua maabara. Mpaka saa 4 ni kubadilisha maji, kuokota mabaki ya mende na kuandika daftarini nani kala nani kagoma. Namba 7 ana wiki ya sita hajagusa kitu na wala sina presha, buibui akitulia anatumia nguvu kidogo mno, anakaa hata miezi.

Saa 4 na robo akaja kijana anayesoma masta. Utafiti wake ni kumkimbiza buibui kwenye kijia cha mbao, unamsukuma nyuma kwa brashi, unapima muda mpaka anagoma. Nikamwambia kaka, kifuniko funua kidogo tu, tanguliza kikombe. "Najua dada." Akafunua chote.

Namba 4 huyooo! Kashuka mguu wa meza, kakata chumba, kijana yuko juu ya stuli, wenzake wawili wamebanana mlangoni, mmoja kashika ufagio anataka kumponda, na mimi napiga kelele weka ufagio chini, fungeni mlango, asimguse mtu maana huyu akiuma utalia, mwacheni akimbie! "Dada atapotea!" Apotelee wapi? Hafiki mbali huyo.

Hafiki kwa sababu sekunde za mwanzo anakimbilia akiba iliyomo ndani ya msuli wenyewe, ikiisha anachoma sukari aliyohifadhi bila kusubiri oksijeni, na hapo asidi ya laktiki inajaa. Sisi tukikimbia moyo na mapafu vinafukuzia, tunahema, tunaendelea. Yeye damu yake inabeba oksijeni kwa shaba, sio kwa chuma kama yetu, ndo maana ina ubluu, na inabeba kidogo tu. Tena damu hiyohiyo ndo inanyoosha miguu, maana kuna viungo mguuni havina kabisa msuli wa kunyoosha, anasukumia majimaji kwa presha kama jeki. (Ushawahi kuona buibui aliyekufa miguu imejikunja? Presha imeisha.)

Dakika hata mbili hazijaisha, kajibana nyuma ya friji, kimya. Nikamfunika kikombe, karatasi chini, kwisha. Watu watatu wa chuo kikuu wananiangalia mhudumu wa form four kama nimefanya uchawi.

Ungedhani yameisha. "Basi dada, tumpime sasa hivi." Umpime nini, mbio zenyewe kashazimaliza. "Dakika 10 zinatosha kupumzika?" Kaka, ile asidi inachukua masaa kutoka. Akaniambia ratiba yake inabana, msimamizi wake anataka data, mara akajaribu na brashi kwa siri nilipoenda chooni, namba 4 kasogea hatua mbili kalala, na niliporudi nakuta kwenye daftari LANGU kaandika "mvivu". Nikakata kwa kalamu nyekundu. Mnyama kakimbia mpaka miguu imegoma halafu unamwita mvivu, wewe uliyepanda stuli!

Baada ya hapo sijui hata saa ngapi umeme ukakatika, joto, mende wanne wakatoroka, hao hatukuwapata. Bosi akachungulia, "leo mmepima wangapi?" Hakuna. Akaguna akaondoka.

Kabla ya kufunga nikamulika kwa simu. Namba 4 yuko palepale nilipomwacha. Nikaandika: asiguswe mpaka kesho. Namba 7 hajala.