Jumatatu yangu na picha mbichi za harusi

Nikisema kazi yangu ni kuediti picha, watu wananijibu, "Aa, unaweka filta." Nimeshachoka kubisha. Huu ni mwaka wa sita niko kwenye studio moja ndogo hapa Sinza, Dar es Salaam. Wapiga picha wanakwenda ukumbini, wanakula pilau, wanatunzwa na emsii. Mimi nabaki na kompyuta. Ndiyo maana nimeona niandike Jumatatu moja tu, ile ya wiki iliyopita, kama ilivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko macho. Namwandaa mtoto, namkabidhi kwa mama mdogo, nagombania daladala Kimara, na saa mbili kasoro nafungua studio. Nafagia, napanga viti, nakunywa supu na chapati mbili kwa jirani.

Saa mbili asubuhi naanza kunakili memori kadi. Harusi ya Jumamosi ina picha 1,146, gigabaiti 31 hivi, zote mbichi.

Mbichi nieleze, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo. Kamera ukiiacha ipige kawaida, inapika picha yenyewe na kukupakulia JPEG: kila rangi ina ngazi 256 za mwanga, na ilichotupa hukioni tena. Ukiiambia itunze mbichi (RAW), yaani ilichokiona kabla ya kukipika, Nikon D750 yetu (toleo la 2014, bibi kizee lakini haijambo) inakuachia ngazi 16,384. Mpiga picha wetu anapima mwanga kwa shela, ili lesi isiungue ikawa karatasi nyeupe. Matokeo yake bwana harusi mweusi, ndani ya suti nyeusi, anatoka kama kivuli ukutani. Kumtoa kivulini bila kuiharibu lesi ya mwenzake, hiyo ndiyo kazi ninayolipwa.

Kwa miaka mitano niliifanya kwa programu inayolipiwa kila mwezi kwa dola, ila ya kwetu ilikuwa ya wizi, nisiwadanganye. Mwezi wa tatu ikaingia na kirusi, fundi akafuta kompyuta nzima, bosi akasema, "Tafuta ya bure, ya halali." Nikapakua darktable kwa bando la usiku. Ni ya bure kweli: msimbo wake uko wazi kwa yeyote, Johannes Hanika aliianza mwaka 2009, na watu wanaojitolea wanatoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na karibu na Krismasi. Shida ni kwamba vidole vyangu vilikuwa vimezoea kwingine. Siku ya kwanza nilitumia dakika arobaini kutafuta pa kuongeza mwanga. Unafungua moduli, yaani kisanduku cha zana, ndani yake mna slaida kumi za kuvuta huku na huku, na kila slaida inakuuliza swali la fizikia. Nililia, tena si kidogo.

Saa tatu. Mafuvu.

Ijumaa jioni diski ilijaa, nikachukua folda la sendofu ya wiki iliyopita, picha 212 nilizozihangaikia siku nne, nikalihamishia kwa mausi kwenye diski ya nje, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. Jumatatu hii nafungua darktable: safu kwa safu za mafuvu ya kichwa. Ndivyo inavyokuonyesha kwamba faili haipo pale ilipoiacha. Waliochora fuvu wangeweza kuchora kitu kingine chochote, bahasha tupu kwa mfano, lakini hapana, wakachora fuvu. Jasho likanitoka, na feni ilikuwa inazunguka.

Nikafungua diski ya nje. Kando ya kila picha kulikuwa na kifaili kidogo chenye jina lilelile na mkia wa .xmp. Nilikuwa navidharau vifaili hivyo, hata niliwahi kufikiria kuvifuta kwa kuwa vinachafua folda. Kumbe ndimo darktable inamoandika kila ulichokifanya: umeongeza mwanga kiasi gani, umekata wapi, kwa mpangilio gani. Picha yenyewe haiguswi hata chembe. Nikaliingiza folda upya kutoka mahali pake papya, na moja baada ya nyingine picha zikarudi na rangi zangu zote. Yakabaki mafuvu ya zamani, na hapo kuna vitufe viwili vimekaa karibu: kimoja kinaitoa picha kwenye orodha tu, kingine kinaipeleka faili kwenye pipa la taka. Nilisoma mara tatu kabla ya kubonyeza.

Saa nne hadi saa sita na nusu nilichambua harusi. Nyota moja, nyota mbili, R kwa picha ya kukataa: macho yamefumba, mjomba kapita mbele, keki haionekani. Zikabaki 320.

Saa saba mchana, nimeshika kijiko cha wali, mlango ukafunguliwa, akaingia shangazi wa bibi harusi.

Kwa asiyezijua harusi zetu: bibi harusi anaweza kuridhika, bwana harusi akaridhika, na shangazi akagoma. Basi umeshindwa. Alivaa dera la kijani, mkono mmoja pochi, mwingine chupa ya maji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuziona."

"Ndiyo kwanza nazianza, shangazi. Zitakuwa tayari Ijumaa."

"Sina haraka, nitakaa." Akavuta kiti hadi kiwiko chake kikagusa changu.

Msomaji, hakuna kitu kigumu kama kuediti mbele ya mwenye picha. Ni sawa na kupikia wageni waliokaa jikoni. Nikamwonyesha ukurasa wa vijipicha. Akatabasamu, akasema mashaallah mara mbili. Nikaona niitumie nafasi hiyo, nikafungua picha ya maharusi mlangoni pa ukumbi. Ikafunguka, ikakaa sekunde moja, halafu ikapauka. Rangi zikapoa, nyuso zikaingia giza.

"Ee! Mbona umeiharibu?"

"Sijaigusa, shangazi."

"Nimeona kwa macho yangu! Ilikuwa nzuri, umeifungua, imekufa!"

Sasa hapo utaeleza nini? Ukweli ni kwamba ndani ya kila faili mbichi kamera huficha JPEG ndogo iliyoipika yenyewe, na darktable huanza kukuonyesha hiyo hadi uifungue picha. Ukiifungua, inaiweka kando na kukuletea mbichi yenyewe, iliyopikwa kwa maji na chumvi tu. Hata mimi wiki ya kwanza nilidhani kamera imekufa. Nikajaribu: "Shangazi, ile ya kwanza ni chakula alichopika kamera. Hii ndiyo nyama kutoka buchani. Mimi ndiye mpishi."

Akanitazama. "Kwa nini usiache alichopika kamera?"

Swali zuri, niseme kweli. Nikakuza shela kwenye ile JPEG ya kamera hadi begani: weupe mtupu kama chokaa. Nikarudi kwenye mbichi, nikakuza palepale. Maua ya lesi yakatokea, moja moja, na shanga ndogo kwenye mshono.

Shangazi akasogea hadi pua ikakaribia kioo. "Hizo shanga nilizishona mimi," akasema taratibu. "Usiku kucha, mimi na dada yangu."

Nilidhani nimeshinda. Nikapandisha mwanga hadi sura ya bwana harusi ikatoka, nikaweka moduli ya sigmoidi ibane mwanga mkali wa shela usivuke, nikapunguza umanjano wa taa. Picha ilianza kuwa picha. Ndipo aliposema.

"Sasa huyu mtoto mng'arishe kidogo."

"Ameshang'aa, shangazi."

"Mwanangu, unanielewa. Mfanye mweupe mweupe. Kama kwenye simu."

Kila harusi kuna mtu anayesema hivi, na kwa kawaida namjibu "sawa" kisha nafanya ninavyojua. Lakini huyu yuko kiwikoni. Bibi harusi ni mweusi wa kumeremeta, ule weusi unaoshika mwanga wa taa shavuni kama maji ya bahari usiku wa mbalamwezi. Kumpausha ni kumfuta. Nikasema, "Shangazi, nikimfanya mweupe, shela halitaonekana jeupe tena. Vyote vitakuwa rangi moja, na shanga zako zitapotea." Nusu ya maneno hayo ni ufundi, nusu ni ujanja.

"Hebu nione."

Nikamwonyesha. Nikavuta slaida juu kupita kiasi, sura ikawa ya majivu, shanga zikazama. Akanyamaza. Akanywa maji. "Rudisha," akasema. Nikadhani anaondoka. Akasema, "Na ya jukwaani?"

Za jukwaani ni balaa jingine. Mtu wa taa alikuwa na LED za zambarau na bluu, na hakuzizima hata wakati wa kukata keki. Bluu ile imezidi uwezo wa kamera kiasi kwamba kwenye paji la uso inakaa kama mabaka ya wino. Kuna moduli ya kusawazisha rangi yenye slaida ya kuzibana rangi zilizovuka mipaka. Nilijifunza kuitumia wiki mbili nzima, usiku, mtoto akiwa amelala. Nikamtengenezea shangazi picha moja mbele yake, dakika kumi na nane kamili. Hapo na mama mkwe wake anampigia simu, anapokea, anaweka spika, na wanajadili nani hakuchangia.

Akaondoka saa tisa na robo. Wali wangu ulikuwa umeota ngozi.

Saa tisa na nusu umeme ukakatika. Laptopu yangu betri ilikufa mwaka jana, kwa hiyo kioo kikawa cheusi papo hapo. Tukakaa kibarazani, mimi na bosi na kijana wa kuprinti pasipoti, tunatazama bodaboda. Bosi akauliza, "Utamaliza?" Nikasema nitamaliza. Uliporudi, karibu saa kumi na mbili, nilifungua nikiwa nimeshika kifua. Kila picha niliyokwisha kuiacha ilikuwa salama; ile moja niliyokuwa juu yake ndiyo iliyopoteza hatua za mwisho. Ilikuwa ya jukwaani, bila shaka.

Kuanzia hapo saa sizikumbuki vizuri. Nilichofanya ni kuzigawa picha kwa mwanga: za kanisani, za ufukweni, za mlangoni, za jukwaani. Natengeneza moja kwa uangalifu, nanakili hatua zake, nazibandika kwa wenzake wa kundi lile, kisha napita moja moja kurekebisha. Chembechembe za giza nikaziondoa kwa moduli inayojua tabia ya kila kamera katika kila ISO (kiwango cha kuhisi mwanga), na hiyo, nakiri, inafanya vizuri kuliko ile ya wizi. Kwenye picha ya 140 au 150 niligundua kwamba sitafuti tena vitufe. Mkono ulikwenda wenyewe. Sikumwambia mtu, bosi alikuwa ameshaondoka, lakini nilipigapiga meza kidogo.

Macho yalianza kuona zambarau hata ukutani. Nikiona hivyo natoka nje, natazama taa ya duka la jirani, nasubiri yatulie, maana macho yaliyochoka yanaidanganya rangi na asubuhi unakuta ukoo mzima una homa ya manjano.

Saa tatu usiku nikabonyeza kutoa JPEG. Sekunde kumi na tano kila moja, mashine hii haina kadi ya michoro ya kuharakisha kazi, kwa hiyo 320 ni saa moja na dakika ishirini za feni inayolia kama jenereta. Nikalala kichwa mezani. Mama mdogo akatuma ujumbe kwamba mtoto kala, kalala.

Saa nne na nusu zilikuwa tayari. Nikamwita boda, nikafunga madirisha, na nikiwa na begi begani nikapitisha jicho la mwisho. Ufukweni, anga la saa kumi jioni, safi kabisa, na kwenye kona ya juu kushoto kidoa cha kijivu. Picha iliyofuata, kidoa palepale. Na iliyofuata. Vumbi kwenye sensa, kile kibati ndani ya kamera kinachopokea mwanga, linalojitokeza tundu la lenzi likibanwa hadi f/11 na nyuma kuna weupe. Nikahesabu: picha 41.

Nani atakiona? Pengine hakuna. Ila nikamkumbuka shangazi na pua yake kwenye kioo.

Nje pikipiki ikapiga honi. Nikafungua dirisha: "Kaka, nisubiri nusu saa, nitakuongezea." Kiraka kinawekwa kwenye picha moja, kinanakiliwa peke yake, kinabandikwa kwa nyingine arobaini bila kugusa kitu kingine, dakika kumi za kutoa upya, na nyingine za kukagua.

Nikavua begi. Boda akazima pikipiki.