Salamu ya Kushoto

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Jumanne adhuhuri, msikitini kwetu hapa Ngamiani, imamu anafunga swala, katoa salamu ya kulia, ya kushoto bado, mimi mkono ushaingia mfukoni kutafuta simu. Kulikuwa na fuso la machungwa linanisubiri Muheza. Mzee aliyeswali ubavuni mwangu akanitazama, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, kwani gari inakuacha?" Waliosikia wakacheka. Nami nikacheka, ila tangu siku ile neno lile halijanitoka.

Mnaonijua mnajua nilivyorudi Tanga. Miaka 11 nilikuwa Dar, wakala wa forodha, kazi ya kutoa makontena bandarini. Kontena likilala pale, pesa inahesabiwa kwa siku, na mwenye mzigo hakupigii simu kukujulia hali. Nikafika mahali nasoma Alhamdu huku kichwani napanga herufi nne na tarakimu saba, namba ya kontena la mtu. Presha ikapanda, usingizi ukahama. Mwaka juzi nikaandika barua ya kuacha kazi, nikauza gari, nikaja kununua baiskeli kama Mtanga mwenzenu. Nikawa natamba barazani kwamba dunia nimeipa talaka tatu.

Talaka tatu hazina kurejeana, lakini mimi nilirejea kimyakimya, kwa mlango wa biashara ya machungwa. Nilidhani haraka ni ya Dar, nitaiacha stendi ya Mbezi. Kumbe nayo ilikata tiketi, tukakaa siti moja mpaka Segera, mpaka hapa. Ile sura tunayoikimbilia kwa sababu ni fupi, Alhaakumut-takaathur, inasema kutafuta wingi kumetushughulisha mpaka tukayazuru makaburi. Haikutaja mshahara wala bandari. Hata machungwa yana wingi wake.

Lakini kinachoniuma zaidi wiki hii si hicho. Kumbukeni kisa cha masahaba Salman na Abu Dardaa, ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunganisha kwa undugu. Salman alikwenda kumtembelea nduguye, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, kavaa nguo za kazi, hana habari na kujipamba. Akamuuliza, una nini? Akajibu: ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Jamani, lisikilizeni jibu hilo. Mwanamke hakulalamika, hakumsema mumewe. Kaeleza tu uchamungu wa mume, na ndani ya maelezo hayo malalamiko yote yamo. Salman akaelewa. Akamfunguza Abu Dardaa saumu yake ya sunna, usiku akamwambia lala, akitaka kuinuka anamwambia lala, mpaka mwisho wa usiku ndipo wakaswali pamoja. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopelekewa habari akasema, Salman kasema kweli.

Basi sisi tunaoacha kazi na kutaka maisha ya taratibu, tuulizane: utaratibu huo unalipiwa na nani? Maana wapo, na mimi nimo, wanaosema nimeridhika na kidogo, kumbe kidogo hicho kinachumwa na mke anayeamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua ili bwana akae barazani na amani yake. Mdogo wako anadaiwa ada, wewe unahadithia upepo wa Raskazone. Huko si kuipa dunia mgongo. Ni kumtwika mwenzio mzigo wako. Imamu Ghazali, yule mwanazuoni mkubwa aliyeacha kufundisha Baghdad mwaka 1095 baada ya ulimi kumgomea darasani, aligawa mali yake, lakini kwanza alitenga ya kuwatosha wanawe. Sisi tunakumbuka kwamba aliondoka, hilo la kutenga hatulisemi.

Jumatano usiku nikamuuliza mke wangu kitu ambacho sikumuuliza mwaka juzi: ulitaka kuhama Dar? Akanyamaza, akaendelea kuosha mchele wa kuloweka. Baadaye akasema, "Nilikuwa na dada zangu Temeke." Basi. Hakuongeza.

Jumamosi anapanda basi kwenda kwao, wiki mbili. Nauli imetoka kwenye machungwa, alhamdulillah, kumbe yana kazi. Vitumbua nitapika mimi. Kanionyesha mara tatu jinsi ya kukipindua kabla hakijaungua, na mara zote tatu nimekirarua, akacheka mpaka akakaa chini. Wateja wetu wa Barabara ya 12, mnivumilie, na mniombee dua.