Jinsi Nilivyoithibitisha Faranga 20 ya Mwaka 1936

Niliipata katika soko la vitu vikuukuu la Saint-Ouen, kaskazini mwa Paris, ndani ya kopo la sarafu zilizouzwa zote kwa bei moja. Zilikuwa faranga 20 za fedha zilizosanifiwa na Pierre Turin na kutolewa kati ya 1929 na 1939: upande mmoja kichwa cha Marianne, mwanamke anayeiwakilisha Jamhuri ya Ufaransa, upande wa pili thamani yake katikati ya masuke ya ngano. Nyingi zilikuwa za 1933, 1934 na 1938, miaka isiyomshtua mkusanyaji yeyote, lakini moja ilisomeka 1936. Mwaka huo zilipigwa 48,000 tu, ilhali za 1938 zilizidi milioni 10, ndiyo maana furaha yangu ilichanganyika na shaka kwamba huenda kuna fundi aliyeikwangua 8 ikawa 6.

Nyumbani nilianza na mizani ya sonara. Sarafu kamili ina gramu 20. Yangu ilikuwa na 19.92, upungufu ambao uchakavu unatosha kuueleza. Kisha niliweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikaizamisha sarafu ikiwa inaning'inia kwa uzi wa kushonea bila kugusa chini wala ukingo. Mizani ikasoma 2.00, yaani gramu za maji yaliyosukumwa na sarafu. Ukigawanya 19.92 kwa 2.00 unapata 9.96, yaani sarafu ni nzito karibu mara kumi kuliko maji ya ujazo uleule, kiasi kinachokubaliana na mchanganyiko wa sehemu 680 za fedha katika 1,000, nyingine zikiwa shaba. Hata hivyo hiyo ilikuwa nusu ya kazi, kwa kuwa sarafu halali ya 1938 iliyochezewa tarakimu nayo ingepima vivyo hivyo.

Nikaketi dirishani na lenzi, nikaiweka kando ya ile ya 1938 na kuigeuza polepole ili mwanga uipige ubavuni. Penye kukwanguliwa huonekana mikwaruzo, au kibonde chenye mng'ao wa peke yake. Yangu ilikuwa na weusi uleule wa miaka mingi, ukiizunguka 6 kama ulivyoizunguka 9.

Nilitamani kuisafisha, ila siku chache kabla nilikuwa nimeisugua ya 1934 kwa dawa ya meno, ikang'aa kama kifuniko cha sufuria na kubaki na mistari isiyofutika. Niliipeleka jinsi ilivyo kwa muuza sarafu mmoja wa Rue Vivienne, mtaa wa Paris, naye, kabla hata ya kuutazama mwaka, akauliza kama nimeisugua.