TV ya chogo na kabari za ndala

Fundi wa kwanza hapa Mikindani aliitazama TV yangu ya chogo dakika mbili, akasema, "Kaka, tyubu imechoka hiyo. Subiri uuze korosho ununue flati." Wa pili akaimba wimbo uleule, tena akanitoza hela ya kuangalia. Elfu tano, sijui elfu saba. Waongo wote.

Kila asubuhi picha ilikuwa na ukungu, baada ya nusu saa inatakata. Nikashuku upepo wa bahari. Kweli, soketi ya nyuma, shingoni mwa tyubu, ilikuwa na kutu ya kijani, na umeme wa fokasi, ule unaonoa picha, ni maelfu ya volti, zikipata unyevu zinavuja. Nikabadilisha soketi, nikagusa kirekebishi cha fokasi kwenye flaibeki, ile transfoma ya umeme mkubwa, katikati pakanyooka.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini herufi zilikuwa na kivuli chekundu, basi nikalegeza zile pete za sumaku shingoni, bila kuweka alama! Nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikashika njia yake. Msoma habari akawa na pua tatu. Mama watoto akauliza, "Ndiyo umeshatengeneza?" Siku mbili nazungusha tu, nikitazama herufi nyeupe za menyu ya king'amuzi, mpaka nikang'amua: pete za ncha nne zinakutanisha nyekundu na bluu, za ncha sita zinazibeba zote mbili kuzipandisha juu ya kijani. Mimi nilikuwa nimeanza na za sita. Nikazigandisha kwa rangi ya kucha, chupa nadaiwa hadi leo.

Zikabaki pembe. Kila rangi ina mwale wake wa elektroni; ukienda pembeni unasafiri mbali zaidi, tena kwa ulalo, kwa hiyo mitatu haikutani sawa. Dawa ni kuinamisha kidogo koili ya shingoni inayopinda miale na kuitia kabari. Za kiwandani zilishapasuka. Nikakata ndala kuukuu vipande vitatu, mkono mmoja mfukoni maana nilishawahi kurushwa na umeme hadi mlangoni. Fokasi nikaiacha katikati papoteze kidogo, pembe zipate.

Mpwa wangu anayesoma fizikia alicheka: "Mjomba, hii ndiyo shida ya hadubini za elektroni, zile za kukuzia vitu vidogo mno. Mwanafizikia Mjerumani Otto Scherzer alionyesha mwaka 1936 kwamba lenzi zao za duara, ambazo ni sumaku, hazikwepi dosari ya kutokutanisha miale sawa. Kule Ujerumani wakaja kuirekebisha kwa sumaku za ncha sita, wakatangaza mwaka 1998."

Nikamuuliza kama na wao walitumia ndala.