Kutunga muziki wa piano kwa aliyezoea sauti nne

Watunzi wengi waliojifunza wenyewe hapa kwetu wametokea kwayani: solfa (nota za do-re-mi), kinanda cha kanisani, kisha MuseScore, programu ya kuandika nota, kwenye kompyuta. Wakigeukia muziki wa piano wa mtindo wa klasiki, huandika sauti nne zilezile za kwaya (soprano, alto, teno na besi) na kuzigawia mikono miwili. Muziki unatoka mzito, na mara nyingi hauchezeki. Mwimbaji huishikilia nota kwa pumzi, hata kuiongezea nguvu. Nota ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga waya. Hapo ndipo kila kitu kinapobadilika.

Nota ndefu ya juu inahitaji kitu kinachotembea chini yake. Chukua chodi, yaani nota zinazopigwa pamoja, ya do-mi-so. Badala ya kuipiga yote kwa pamoja na kungoja, ivunje: do ya chini, so, halafu mi ya oktava inayofuata, pedali ya kuendeleza sauti ikiwa imekanyagwa. Chodi ni ileile, lakini inaendelea kusikika. Ukishuka zaidi ya oktava moja chini ya do ya kati, usibananishe do na mi. Kila nota ya besi hubeba nota nyingine ndogo juu yake, nazo hugongana. Unasikia mngurumo tu. Huko weka oktava au do-so, mi ipande juu.

Kuna tatizo la vidole pia. Watu wazima wengi hufika oktava bila shida, wengine nota tisa, na wachache kumi. Besi na teno za kwaya huachana zaidi ya hapo bila mtu kulalamika, kwa sababu ni watu wawili. Kompyuta nayo haichoki wala haina vidole, itakupigia chochote. Jaribu kila kipimo (sehemu kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) kwa mikono yako, polepole. Kinanda cha vibonyezo 61 kinatosha, ila kumbuka piano kamili ina 88: unakosa 15 upande wa chini na 12 upande wa juu. Usiandike huko usikoweza kujaribu.

Wa kusoma kwanza ni Chopin, Preludi namba 7 ya Opus 28, iliyochapishwa 1839. Ina vipimo 16 tu, na nota zake zinapatikana bure IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni. Inakili kwa mkono. Do yake ni nota A. Mdundo mmoja wa vipimo viwili unarudi mara nane, na kwa sehemu kubwa chodi ni mbili tu, ya tano (inayojengwa juu ya so) na ya kwanza (juu ya do). Kisha kipimo cha 12, do inapandishwa nusu, chodi inajaa mikono yote miwili na kuvuta kuelekea chodi ndogo (minor) ya re. Ujasiri wote wa kipande umewekwa hapo, mara moja. Anayeanza huweka chodi ya namna hiyo kila kipimo, na hakuna inayosikika.

Katika kutunga, andika vipimo vinane vya melodi na besi peke yake. Kipimo cha 4 kiishie kwenye chodi ya tano, cha 8 kwenye ya kwanza. Kama mistari hiyo miwili haipendezi ikiwa mitupu, kuijaza hakutaiokoa. Angalia isitembee pamoja kwa oktava au kwa tano mfululizo, maana hapo unabaki na mstari mmoja.

Alama za pedali weka mwisho, kila besi inapobadilika: mguu unainuka nota mpya inapopigwa, na kukanyaga tena mara baada yake. Ukikanyaga mapema, chodi ya zamani inaingia kwenye mpya.