Mpole Tukuyu, Mkali Mwanjelwa

Mdogo wangu aliwahi kunirekodi kwa simu bila mimi kujua, asubuhi tukiwa kwa bibi Tukuyu, na jioni yake nikiwa sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, nikibishania kwa Kiswahili bei ya debe la viazi. Aliponisikilizisha niliona aibu, kwa kuwa wa asubuhi alikuwa binti mnyenyekevu mwenye "ndaga" nyingi ("asante" kwa Kinyakyusa), na wa jioni alikuwa mama ambaye hata mimi nisingependa kumuuzia kitu.

Bibi simsalimu "ugonile", maana hiyo ni ya wenzangu; humwambia "mugonile", kwa wingi, na ukishaanza hivyo ni vigumu kupandisha sauti. Yeye mwenyewe, tangu alipoolewa, hakuwahi kutamka jina la baba mkwe wake wala maneno ya Kinyakyusa yanayofanana nalo, desturi iitwayo ingamwana, hivyo kwa vitu kadhaa vya kila siku alilazimika kutafuta maneno mengine. Aliyezoea kuchuja maneno namna hiyo ataonekana mkimya, lakini msikilize bibi huyohuyo akitaniana kwa Kiswahili na wachuuzi wa ndizi! (Kiingereza changu ni cha ofisini tu na hakina utani hata chembe, ila hiyo naamini ni shida ya msamiati.)

Mwaka 1964, mtafiti Susan Ervin alichapisha utafiti ambamo Wafaransa walioishi Marekani walitungia hadithi picha zilezile, mara moja kwa Kifaransa na mara nyingine kwa Kiingereza, na zile za Kifaransa zikaonekana kuwa na majibizano makali zaidi. Wapo wanaohitimisha kwamba lugha ndiyo inayombadilisha mtu. Mimi nakubaliana zaidi na mwanaisimu François Grosjean, anayeona kwamba kinachobadilika ni mazingira na watu tunaozungumza nao.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilimkuta Mwanjelwa muuza viazi wa rika langu, Mnyakyusa mwenzangu, tukasalimiana "ugonile", na kwa Kinyakyusa kilekile cha upole wangu tukabishana hadi watu wakageuka kututazama. Nilikuwa nakaribia kushinda, ndipo mama yake akatokea nyuma ya magunia. Nikamsalimu "mugonile", akataja bei, nami nikailipa yote.