Siku moja jukwaani: fidla, udi na glasi za maji

Saa 1:30 asubuhi. Niko ndani ya treni kutoka Oakland, naelekea San Francisco, na simu inalia. Ni ami yangu, Unguja, ambako sasa ni saa 11:30 jioni. Amepiga fidla kwenye taarabu tangu ujana wake na ana maoni yake kuhusu watu ninaowafanyia kazi wiki hii.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hao wako wanne, leo wanapiga au wanakwaruza tu?"

"Wanakwaruza, ami, lakini kwa adabu."

Hao wanne ni kundi la Kronos Quartet: fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo, yenye sauti nzito zaidi) na selo (kubwa zaidi, hupigwa mtu akiwa amekaa). Wana tamasha lao la muziki mpya pale SFJAZZ Center, na mimi ni kibarua wa jukwaani. Navuta waya, napanga viti, nahamisha stendi za nota. Kazi hii nilijifunzia Ngome Kongwe, Unguja, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambako mvua ikinyesha unafunika spika kwanza, kichwa chako baadaye.

Saa 3 asubuhi. Ukumbi uko pembeni mwa mtaa wa Hayes Valley, si mbali na jumba la opera. Ulifunguliwa 2013 na ulijengwa kwa ajili ya jazi, kwa hiyo viti vinalizunguka jukwaa. Raha kwa msikilizaji, taabu kwangu, maana waya ukikaa vibaya unaonekana kila upande. Naanza na sakafu: vipande vya utepe vya rangi kuonyesha nani anakaa wapi katika kila kipande cha muziki. Nyeupe ni ya wanne wenyewe, kijani ya mgeni, nyekundu ya vijana watakaofungua.

Alama nyeupe nazipima upya. Kwa miongo mingi kundi hili lilikuwa na John Sherba kwenye fidla ya pili na Hank Dutt kwenye viola, na wote wawili walistaafu mwaka 2024. Wa tangu mwanzo aliyebaki ni David Harrington peke yake. Mtu mpya huja na urefu wake wa kiti na pembe yake ya stendi, na ni haki yake.

Saa 4 asubuhi. Glasi. Usiku tutakuwa na Black Angels ya George Crumb, ya mwaka 1970, enzi za vita vya Vietnam. Harrington aliisikia redioni, na mwaka 1973, kule Seattle, akaanzisha kundi ili aweze kuipiga. Kwa hiyo kipande hiki ndicho baba wa yote mengine, na ndicho chenye vyombo vingi kuliko vyote: gongo kubwa za kutundika (sahani za madini za kugonga), manyanga, fimbo za kioo, na seti tatu za glasi kwa ajili ya fidla mbili na viola. Selo haina glasi kwa sababu yenyewe ndiyo inayoimba juu ya sauti ya glasi hizo.

Glasi hazigongwi. Mpigaji anapitisha upinde kwenye ukingo wake, kama anavyofanya kwenye uzi, na glasi inalia sauti nyembamba inayokaa hewani. Maji yakizidi, sauti inashuka, yakipungua, inapanda. Natumia bomba la sindano lisilo na sindano, naongeza matone, msimamizi wa jukwaa anasikiliza na kifaa cha kupimia sauti mkononi, anatikisa kichwa, nanyonya matone mawili, anaitikia. Glasi zote zimebanwa kwenye ubao, la sivyo upinde utaziangusha. Naweka pia pinde za ziada. Hakuna anayetaka kusugua kioo kwa upinde wake mzuri. Taa za jukwaani zina joto na maji hupungua, kwa hiyo jioni nitarudia kazi yote hii.

Kuna jambo jingine kwenye kipande hicho. Wapigaji hutamka namba kwa lugha mbalimbali: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani, na Kiswahili. Nilipomweleza ami alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hapo wangekuita wewe."

Saa 6 mchana. Wali wa kununua, nimesimama. Vijana wanafanya mazoezi ya kazi mojawapo ya 50 for the Future, mradi ambao Kronos waliagiza kazi 50 kwa watunzi 25 wanawake na 25 wanaume, kisha wakaziweka nota mtandaoni bure. Vijana wanasoma kwenye tableti na kugeuza kurasa kwa mguu. Sina cha kuwafanyia ila kuhakikisha chaji ipo.

Saa 8 mchana. Mgeni anafika na udi wake, ile ala ya nyuzi ya kwenye taarabu, na hapa ndipo siku inapoamuliwa. Kronos hupiga kwa maiki siku zote, na wapo mashabiki wa muziki wa kizungu wa kale wanaoliona hilo kama dhambi. Mimi naona bila maiki kusingekuwa na wageni. Udi ukikaa mbele ya fidla mbili zinazovutwa kwa nguvu, unamezwa. Albamu yao ya 1992, Pieces of Africa, ina kazi ya mpiga udi Hamza El Din na kazi ya Justinian Tamusuza wa Uganda. Ukiisikiliza unajua kuna mtu aliyehangaika na mizani ya sauti, chombo kimoja kisimeze kingine.

Leo tunahangaika sisi. Tumbo la udi ni tupu, linapokea kila kitu, na spika ya miguuni inapiga mluzi. Fundi mitambo anakata masafa ya chini, mluzi unarudi. Nasogeza spika hatua moja nyuma ya kiti, naielekeza begani badala ya tumboni. Kimya. Mgeni anapiga takasimu fupi, yaani muziki wa kubuni papo hapo, wa viola anamsikiliza, kisha bila kuombwa anapunguza upinde wake. Fundi anaondoa mkono kwenye mikseri. Kwa jambo hilo hakuna mtambo unaosaidia.

Saa 11 jioni. Matone tena. Mtu wa taa anataka gongo zisogezwe, tunabishana, zinasogezwa nusu.

Saa 1:30 usiku. Watu wameingia. Kati ya kipande na kipande tuna dakika chache za kuhamisha kila kitu mbele ya macho ya watu wanaotukodolea. Natembea haraka bila kukimbia, maana ukikimbia tu, watu wanadhani kuna lililoharibika.

Saa 4 usiku. Tunamwaga maji, tunakausha glasi, tunakunja waya kwa mkono mmoja juu mmoja chini ili usijisokote. Msimamizi ananipa karatasi ya kesho: kwaya, na jukwaa la ngazi tatu. Namuuliza ngazi zenyewe ziko wapi. Ziko kwenye lori, anasema, na lori linafika saa 2 asubuhi.